Taa ya Nyuma ni ya Nani?

Ukiingia duka la vifaa vya baiskeli pale Sumbawanga mjini ukasema unataka taa, muuzaji anafurahi kama umemletea mahari. Anakutolea taa ya mbele yenye honi ndani yake. Anakutolea taa inayoimba. Anakutolea vijitaa vya kubandika kwenye spoki, ukipita vinazunguka kijani na buluu, baiskeli inafanana na baa. Kuna moja ukiiwasha inachora moyo barabarani. Moyo. Barabara ya kwetu ina mashimo ya kumeza mbuzi, mtu anataka kuonyeshwa shimo, anaonyeshwa moyo.

Mimi nilimwambia, "Nataka ya nyuma."

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, kavaa koti zito na kofia ya sufu kwa baridi yetu hii, meno yote nje. Akanitazama mimi, akatazama baiskeli yangu niliyoiegemeza mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "Taa ya nyuma? Kwani unaendaga kinyumenyume?"

Dukani walikuwepo watu wanne watano. Walicheka wote. Mzee mmoja aliyekuja kununua viraka vya tyubu alicheka mpaka akakohoa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia, kwa sababu ulikuwa utani mzuri, na utani mzuri siwezi kuukataa hata ukinipiga mwenyewe. Nilipofika nje ndipo hasira ikanishika. Nikasimama na baiskeli yangu nikajisemea, huyu ananicheka, na mama yangu anachechemea.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikianza na hasira nitawapoteza.

Mama yangu anauza uji wa ulezi stendi ya mabasi. Biashara yake yote ni alfajiri. Mabasi ya kwenda mbali yanaondoka kabla hakujapambazuka, abiria wanatetemeka kwa baridi, kila mtu anataka kitu cha moto tumboni. Yakishaondoka, stendi inabaki na wapiga debe na kuku, na wote hao hawanunui uji. Kwa hiyo ukichelewa, umechelewa siku nzima.

Kijiji chetu kipo huku uwandani, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli ikiwa na mtu nyuma. Mama anaupika uji nyumbani, anaumimina kwenye chupa mbili kubwa za chai, mimi nazining'iniza kwenye usukani, moja kulia moja kushoto. Yeye anapanda kwenye keria, amekaa upande, sweta juu, kitenge chini, na safari inaanza. Tumeenda hivyo miaka mingi. Nikisema nimeifahamu ile barabara kwa miguu yangu, simaanishi nimeitembea, namaanisha nimeikanyagia pedeli nikiwa na mama mzima na lita kumi za uji.

Baiskeli yenyewe aliiacha marehemu baba. Ni chuma kitupu, ikianguka hainyanyuliwi na mtu mwenye njaa. Ilikuwa na dainamo, ile chupa ndogo inayosugua tairi ili taa ya mbele iwake. Dainamo ina tabia za watu fulani: ukikimbia inakusifia, ukichoka inakuacha. Kwenye mteremko, ambako macho yamekutoka na breki zinalia, inawaka mpaka unaona sisimizi. Kwenye kilima, mama nyuma, uji mbele, mapaja yanatetemeka, inafifia inakuwa kama sigara ya mlinzi. Ukisimama kuvuta pumzi, giza.

Nikaichoka. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu, ambao nitausema mwenyewe kabla rafiki yangu fundi hajausema, maana yeye anauongezea chumvi.

Mama alinituma Kirando kumchukulia dagaa. Kule ziwani wavuvi wa dagaa siku hizi karabai wameachana nazo, wana taa za betri, nyeupe, kali, wanazielekeza majini na dagaa wanakuja wenyewe. Nikamkuta mvuvi mmoja anauza yake ya zamani. Aliiwasha mchana kweupe na bado nikafumba macho.

"Hii," akasema, "hata samaki aliyelala anaamka anakuja."

Nikaona nimepata. Sikujiuliza hata kidogo kama mimi nahitaji vitu vinifuate.

Fundi wa baiskeli kijijini kwetu ni mshikaji wangu tangu shule ya msingi. Aliifunga ile taa kwenye usukani kwa vipande vya tyubu, betri ya pikipiki tukaifunga kwenye bomba la katikati. Tulipoiwasha, mbwa walibweka, na jirani mmoja akatoka nje kuuliza kama ni gari la wagonjwa. Nilijisikia mtu.

Asubuhi ya kwanza ilikuta mvua za kwanza za msimu zimenyesha usiku, na kila mtu wa huku anajua mvua ya kwanza inatoa nini ardhini. Hatukufika hata kwenye kona ya shule, kumbikumbi wakaiona taa. Waliacha nyumba za watu, wakaacha taa ya zahanati, wakaja wote kwangu. Puani, mdomoni, ndani ya shati. Naendesha huku natema. Mama kule nyuma kimya, nikadhani anasikitika. Tulipofika stendi nikakuta amejaza bakuli.

"Taa yako nzuri," akasema. "Mchana tumepata mboga."

Hiyo ilikuwa siku ya kuchekesha.

Siku ya nne tukakutana na ukungu. Asiyejua ukungu wa huku asifikirie moshi wa jikoni. Ukungu wetu unashuka unakaa barabarani kama umepewa kiti. Taa ya Kirando ilipoingia kwenye ukungu huo, mwanga haukwenda popote, ulinirudia usoni. Mbele yangu pakasimama ukuta mweupe, kama mtu ametundika shuka. Barabara sioni, naona gurudumu langu la mbele tu. Nikapunguza mpaka mwendo wa kutembea. Na nyuma yetu likaja gari.

Lilikuwa gari dogo la mizigo, limebeba nyanya. Baadaye dereva alinieleza, na nimeyarudia maelezo yake kichwani mara nyingi mpaka nimeelewa kwamba hakudanganya. Aliona mwanga mkubwa mweupe umetanda mbele yake ndani ya ukungu. Akajua ni gari linakuja kukutana naye. Dereva mwenye akili akiona hivyo anafanya nini? Anabana kushoto. Kushoto tulikuwepo sisi.

Akatugusa. Nasema akatugusa kwa sababu ndivyo alivyosema yeye, "Nimewagusa kidogo." Mguso wenyewe ulitupa baiskeli, mimi, chupa mbili na mama yangu mtaroni.

Akashuka na tochi ya simu, akamulika chini, akamkuta mama amekaa kwenye maji ya mtaro, kitenge kimejaa uji.

"Shikamoo mama," akasema.

Na mama yangu, mtu wa adabu, akiwa mtaroni, goti limeshaanza kufura, akaitikia, "Marahaba mwanangu."

Hapo ndipo nilipotaka kupigana. Unamgonga mtu halafu unamwamkia. Na aliyegongwa anaitikia, tena kwa sauti nzuri, kama amekaribishwa kwenye ubarikio. Nilikuwa nimeokota chupa moja, kioo cha ndani kinalia shakashaka, nikamwambia, "Kaka, una taa mbili kubwa hivyo, hukutuona?"

"Ningewaonaje? Nyuma hamna kitu. Nilipokaribia kabisa ndio nikaona kitu cheusi, nikadhani ng'ombe."

Mama kutoka mtaroni akauliza, "Ng'ombe gani anauza uji?"

Dereva alicheka, halafu akaona aibu. Sitamsingizia, alimbeba mama mwenyewe, akatupeleka zahanati, akasubiri mpaka mwisho. Lakini neno lake moja lilinikaa kooni na bado lipo. Nyuma hamna kitu. Bwana wee, nyuma alikuwepo mama yangu.

Goti halikuvunjika. Lilifura, likapungua, ila halikurudi lilivyokuwa. Baada ya wiki tatu mama akasema anarudi stendi. Nikatoa baiskeli. Taa ya Kirando nilikuwa nimeshaifungua, dainamo nimeirudisha. Mama akaizunguka baiskeli polepole, akasimama nyuma yake muda mrefu, kama anakagua ng'ombe wa mahari.

"Sipandi," akasema.

"Mama, ile taa mbaya nimeitoa."

"Sijakuuliza mbele. Mbele unatazama wewe. Huku nyuma mimi nani ananiona? Siku baiskeli yako hii ikionekana nyuma, nitapanda."

Akaanza kutembea.

Mama yangu jambo analisema mara moja kwa Kiswahili. Ukimlazimisha arudie, analisema kwa Kifipa, na hapo ujue mkutano umefungwa. Mimi nilimlazimisha. Akalisema kwa Kifipa.

Basi tukawa tunakwenda kwa miguu. Yeye mbele na goti lake, mimi nasukuma baiskeli yenye chupa, baiskeli nzima nzuri, keria tupu, kama mtu anayemtembeza punda aliyegoma. Alikuwa anaamka mapema kuliko zamani, na bado honi za mabasi tulikuwa tunazisikia tukiwa kwenye mikaratusi ya kuingilia mjini. Tukifika, yameondoka. Uji tunarudi nao. Tulikunywa uji wa ulezi asubuhi, mchana na jioni, mpaka mbwa wetu akaanza kuukwepa. Mama wa chapati pale stendi, ambaye zamani alikuwa anakaa pembeni, alisogeza benchi lake kidogo kidogo, kila siku kashibiri, mpaka likafika katikati ya sehemu ya mama. Hakuwa mtu mbaya. Mahali pakikaa wazi watu wanapakalia.

Jioni mama ananyoosha mguu kwenye jamvi, anaukanda kwa maji ya moto, hasemi kitu. Angesema ningejitetea.

Ndiyo maana siku ile dukani, nilipocheka nikatoka nje, nilirudi ndani. Nikamwambia yule kijana, "Mshikaji, utani wako mzuri, nimeulipia kwa kucheka. Sasa nyuma yangu anakaa mama. Nionyeshe taa ya nyuma, au nionyeshe duka lingine."

Akaacha kucheka kidogo. Akainama chini ya meza, akatoa boksi moja katika rundo lenye vumbi. "Hii ilikuja na mzigo mwingine. Hakuna anayeitaka."

Kitaa chenyewe ni kidogo, kama kiberiti, chekundu, nyuma yake kina kibanio, unakichaji kwa chaja ya simu. Ukibonyeza mara moja kinawaka kimetulia. Ukibonyeza tena kinapepesa. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya mzungu amevaa kofia ngumu, anaendesha baiskeli kwenye barabara isiyo na hata jani, na kile kitaa kipo kwenye bomba chini ya kiti chake. Nikakipenda. Nikakifunga palepale alipokifunga mzungu.

Jioni nikamwita mama uani. Akasimama nyuma ya baiskeli, nikawasha. Akarudi hatua kumi, akarudi ishirini, akafika kwenye zizi la nguruwe. "Naiona," akasema. Asubuhi akapanda. Nilikanyaga pedeli siku ile kama nimeoa.

Tukateremka, tukapanda, ukungu upo lakini si mwingi. Tulipofika kwenye daraja nikasikia nyuma breki zinalia, halafu tairi la mtu likabusu tairi langu. Alikuwa fundi, mshikaji wangu, anapeleka mkaa mjini, magunia mawili nyuma.

"Oya," akasema, "mnatembea bila taa na mama juu, mna wazimu?"

"Taa ipo nyuma hapo."

"Nyuma wapi? Mimi naona kitenge."

Nikasimama. Mama akashuka. Kitaa kilikuwa kinawaka vizuri kabisa, kimetulia, chekundu, kinamulika pale pale alipokuwa amekaa mama. Alipokaa tu, kitenge kilikifunika. Tangu uani kwetu hadi darajani kilikuwa kinamwangazia mama yangu makalio, na hakuna mwingine aliyefaidi.

Mama akainama akakitazama. "Kwa hiyo tangu nyumbani nimekiatamia," akasema. "Kama kuku."

Fundi alicheka mpaka mkaa ukaanza kudondoka kwenye magunia. Mama hakucheka. Akajitanda kitenge vizuri akaanza kutembea, na mimi nikasukuma baiskeli nyuma yake na taa yangu ya kizungu inawaka.

Sasa niacheni niseme. Aliyetengeneza kile kitaa alidhani baiskeli inabeba nani? Mzungu wa kwenye boksi amekaa peke yake. Hana gunia, hana mama, hana kitanda cha kupeleka kwa shemeji, hana nguruwe kwenye tenga. Nimeishi hapa Ufipa maisha yangu yote, sijawahi kuona baiskeli ambayo nyuma hakuna kitu. Keria tupu kwetu maana yake mtu anarudi kutoka kuuza, au amegombana na mke. Mkaa unapanda mpaka juu ya kichwa cha mwendeshaji. Mahindi yanapanda. Madumu ya maziwa yananing'inia kila upande. Halafu unaambiwa taa ya nyuma ifungwe chini ya kiti. Ni sawa na kuandika jina la duka ndani ya kabati.

Tulipokuwa darasa la saba mwalimu alitufundisha kwamba mwanga unasafiri kwa mstari ulionyooka. Nilipata swali hilo. Hakutuambia mwanga unafanya nini ukikutana na mama yako.

Na muuzaji naye. Baiskeli yangu aliiona, keria aliiona, nilimwambia kwa mdomo wangu nyuma anakaa mama. Angeshindwa nini kusema, ndugu yangu, hapo chini ya kiti haitaonekana? Ila kusema kinyumenyume alikuwa na nguvu.

Jioni nikaenda kwa fundi na hasira zangu. Fundi akajaribu. Kwanza alikifunga mwishoni mwa madigadi, chini kabisa. Safari moja tu ya kujaribu, tope likakifunika, nikarudi na kitaa kinachofanana na kipande cha muhogo. Kisha akafunga fimbo kwenye keria, ikatokeza nyuma kama mkia, kitaa kwenye ncha. Huo mkia ulimchoma mchungaji mmoja wa ng'ombe ubavuni nilipogeuka, tukatukanana mpaka tukasahau tulianza na nini. Fundi akasema, "Mwambie mama ahamie mbele."

"Mbele kuna uji."

"Basi uji uhamie nyuma."

"Gari haliogopi uji."

Tulikuwa tunabishana hivyo, kitaa kipo juu ya meza yake ya spana, na mama akapita anatoka kisimani. Nikasimama kumpokea ndoo. Akakiona. Akakiokota, akakigeuza, akajaribu kile kibanio kwa kidole kama anavyojaribu kibanio cha nguo.

"Gari likija nyuma," akasema, "linaanza kumkuta nani?"

Fundi akajifanya anatafuta spana.

"Nauliza. Linaanza na kiti? Linaanza na chuma? Linaanza na mimi. Basi nivae mimi."

Akakibana kwenye sweta lake, nyuma ya bega, akatuonyesha mgongo. Fundi akanitazama, nikamtazama. Watu wazima wawili, mmoja ana karakana kabisa, tumehangaika siku tatu na fimbo.

Hapo nikapona hasira? Sikupona. Ziliongezeka, maana sasa sikuwa na wa kumrushia.

Kesho yake alfajiri ukungu ulikuwa ule mbaya, ule wa siku ya nyanya. Tukatoka. Kwa mbele nilikuwa nimefunga tochi ndogo ya mwanga wa njano, fundi ameifunga chini kwenye uma wa gurudumu, inamulika ardhi tu, hatua tano sita. Haina sifa yoyote. Hakuna mbwa aliyeibwekea. Lakini mwanga ukipita chini ya ukungu unaliona shimo kabla hujaingia, na hicho ndicho nilichokuwa nahitaji tangu mwanzo kabla sijaenda kununua jua la wavuvi.

Tulipofika barabara kubwa mama akanigonga mgongoni. "Simama."

Nikasimama.

"Shuka. Nenda kule tulikotoka. Uwe gari."

"Mama, tutachelewa."

"Uwe gari, nimesema. Mimi nakaa hapa na baiskeli."

Nikaenda. Nilihesabu kama hatua mia, nikageuka, nikawa gari.

Nimeendesha ile baiskeli miaka yote hiyo, sijawahi kuiona nikiwa nyuma yake. Nani anajiona kwa nyuma? Na kweli sikuiona. Baiskeli hakuna, mama hakuna, barabara inaishia hatua chache mbele yangu. Lakini kule ndani kulikuwa na tone jekundu, kwenye usawa wa bega la mtu. Lilikuwa linapepesa. Likizima, nilikuwa sijui lipo mbali kiasi gani. Likiwaka, kama limesogea. Nikapiga kelele, "Bonyeza litulie." Likatulia. Hapo nikajua pa kulikwepa.

Halafu sijui kitu gani kiliniingia, nikasema, "Zima."

Akazima.

Pakawa hapana mtu. Ukungu tu, mweupe, safi, kama hakuna aliyewahi kupita. Na mama yangu amesimama palepale, nilijua amesimama palepale, nilimsikia anakohoa. Nikaona jinsi tulivyokuwa tukipita asubuhi zote zile. Mimi natafuta taa kali, taa kubwa, taa ya ziwani, nione mimi, nionekane mtu mimi, na nyuma yangu nimebeba kitu ambacho kwa kila gari la nyuma hakikuwepo.

"Washa," nikasema. "Mama, washa."

"Nawasha, kwani nini? Mbona unapiga kelele?"

Likawaka. Nilirudi nakimbia, nikajifanya nakimbia kwa sababu tumechelewa.

Tukaondoka. Karibu na mikaratusi nikasikia lori nyuma. Nikashika usukani kama nimeshika shingo ya mtu. Lori likapunguza mwendo likiwa bado mbali. Nikasikia gia zinashuka. Likahamia kulia, likatupita kwa mbali kabisa, nafasi ya kupita lori lingine, na dereva akapiga honi fupi, ile ya kusalimia.

"Umeona?" mama akasema. "Huyo ameamkia kabla."

Stendi tulikuta mabasi bado yananguruma. Mama wa chapati akatuona, akanyanyuka mwenyewe akavuta benchi lake hadi pale lilipokuwa zamani, na wala hakuombwa. Mama akaanza kumimina. Abiria wanakunywa huku wanamtazama mgongo, maana taa hakuizima. Nikamnong'oneza aizime, betri itaisha.

"Niache. Hapa pia kuna mabasi yanarudi nyuma."

Nikaenda kusuuza vikombe.

Sasa yule muuzaji. Wiki hiyo hiyo alikuja stendi kumsindikiza mtu, akasimama kunywa uji kwetu. Akauona mgongo wa mama. "Shikamoo mama," akasema, na meno yakatoka, nikajua kinachokuja. "Hiyo taa mgongoni, kwani unaendaga kinyumenyume?"

"Marahaba," mama akasema, akampa kikombe. "Mimi siioni hiyo taa, mwanangu. Unaiona wewe. Basi ni ya kwako, mimi nakubebea tu."

Yule kijana akanywa uji wake huku anautazama ule mgongo. Nilifurahi, nikadhani ameelewa. Ameelewa, ndiyo, lakini ameelewa kibiashara. Juzi nimepita dukani kwake, yale maboksi ya vumbi yamepandishwa juu mlangoni, yamefunguliwa, na kile kitaa amekibandika nyuma ya koti lililotundikwa kwenye hanga ili kila mtu akione. Anakiita taa ya mama. Nilisimama nikamsikia anamweleza mteja, kijana mwenye keria ya magunia: "Usifunge chini ya kiti, kaka, haitaonekana. Funga juu ya mzigo. Mimi huwa nawaambia watu siku zote."

Siku zote. Nilitaka kuingia niwaambie watu wote waliomo humo hizo siku zote zake zimeanza lini. Lakini yule mteja alikuwa anakinunua. Na kesho alfajiri atakuwa barabarani mbele ya gari la mtu, au mbele yangu mimi. Nikameza hasira yangu nikaenda.

Bado ninayo. Nikiwa kwenye kilima asubuhi, mapaja yanawaka, huwa naikumbuka nageuza shingo kumlalamikia mama, na kwa pembeni ya jicho naona ukungu wa nyuma yetu una wekundu kidogo.

"Tazama mbele," mama ananiambia. "Huku hakukuhusu."

Natazama mbele.